NGAWIRA YA RUFIJI: TAGI ADJUTANT NA VYOMBO VILIVYOBADILI BENDERA KATIKA AFRIKA YA MASHARIKI, 1914–1916

Utangulizi

Neno mateka lina maana mbili katika Kiswahili. Kwanza ni mtu aliyekamatwa vitani. Pili ni mali iliyotwaliwa kwa adui, ambayo pia huitwa ngawira. Mzizi wake, teka, ni kitenzi cha kawaida ambacho watu hukitumia kila siku waendapo kisimani, na hapana dalili yoyote ya damu ndani yake. Atekaye maji huchota kilichokuwapo, akakitia katika chombo chake, akaenda zake. Kwamba lugha imetumia kitenzi hicho hicho kwa maji, kwa mali na kwa binadamu si jambo la kupuuzwa, nami nitalirudia baadaye.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijakwenda ng'ambo kwa masomo ya shahada ya pili, nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Isiolo. Siku moja, katika somo la ngeli, nilitoa sentensi ya mfano iliyosema kwamba meli ya adui ilichukuliwa mateka. Mwanafunzi mmoja akapinga: meli haina roho, haiwezi kuwa mateka, mateka ni mtu. Mwenzake, ambaye ukoo wake ulitokana na askari wa Kisomali waliopewa makazi Isiolo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, akamjibu kwamba kwao husimuliwa habari za askari waliotekwa wakiwa wamevaa sare moja, na baada ya muda wakaonekana wamevaa sare nyingine, wakiwapiga wale waliokuwa wenzao. "Sasa, Mwalimu," akaniuliza, "mtu huyo na hiyo meli wana tofauti gani?" Kengele ililia kabla sijajibu, nami nikashukuru.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile, ingawa kwa kuchelewa. Nakusudia kueleza habari za tagi moja ya Kijerumani, Adjutant, iliyotekwa na Waingereza mwaka 1914, ikafanywa chombo cha kuzisaidia manowari katika mzingiro wa Rufiji, ikatekwa tena na Wajerumani mwaka 1915, na mwisho ikasafirishwa kwa reli hadi Ziwa Tanganyika. Pamoja nayo nitagusia vyombo vingine vilivyopatwa na majaaliwa ya namna hiyo. Waandishi wa historia ya vita vya majini huyataja mambo haya kwa mistari miwili mitatu, aghalabu kama kichekesho cha kumpumzisha msomaji kati ya mapigano makubwa. Nadhani yanastahili zaidi ya hapo, hasa kwetu sisi tunaoshughulika na lugha, kwa sababu maneno tunayoyatumia kueleza utekaji ndiyo yanayoamua ni nani atakayehesabiwa na ni nani atakayeachwa nje ya hesabu.

Mzingiro na wauvunjao

Mzingiro wa bahari ni silaha ya mwenye manowari nyingi dhidi ya asiye nazo. Lengo lake si kupigana, bali ni kuzuia shehena isiingie wala isitoke. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwezi Aprili 1861 Rais Abraham Lincoln alitangaza kuzingirwa kwa bandari za majimbo ya Kusini yaliyoasi, na mara wakatokea wafanyabiashara waliokuwa tayari kuuvunja mzingiro huo kwa stima nyembamba zenye mbio, nyingi zikiwa zimeundwa katika mto Clyde huko Scotland. Stima hizo ziliingiza bunduki na dawa, zikatoka na pamba. Zilipokamatwa, zilipelekwa mbele ya mahakama ya ngawira. Hakimu akiridhika, chombo huuzwa, na sehemu ya fedha hugawiwa mabaharia walioikamata. Mara nyingi mnunuzi alikuwa serikali yenyewe. Ndivyo stima iliyoanza maisha yake kwa jina la Giraffe, ikawa mvunja mzingiro mashuhuri kwa jina la Robert E. Lee, ilivyokamatwa mwezi Novemba 1863 na kuingia katika jeshi la wanamaji la Kaskazini kwa jina la Fort Donelson. Advance ya jimbo la North Carolina, iliyotekwa Septemba 1864, ikawa Frolic. Mzingiro ulikuwa ukijilisha wenyewe: kila chombo kilichoshindwa kuuvunja kiliongezwa katika safu ya vyombo vinavyouimarisha.

Mambo hayo hayakuwa mbali na Unguja kama tunavyoweza kudhani. Neno letu merikani ni jina la kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani na kuletwa na wafanyabiashara wa Salem, na ambacho katika miaka ya 1840 na 1850 kilikuwa karibu sawa na fedha katika njia za misafara ya bara. Vita vilipozuka na pamba ya Kusini ikafungiwa bandarini, merikani iliadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vikajaza pengo. Kwa hiyo mzingiro wa Lincoln ulionekana hata katika mizigo ya mapagazi wa Unyamwezi. Sijui kama wanafunzi wetu wa fasihi, wanapokutana na neno hilo katika tenzi, huambiwa jambo hili.

Rufiji

Katika pwani yetu wenyewe mzingiro mkubwa ulifuata kuzuka kwa vita vya 1914. Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilikuwa imefika Dar es Salaam mwezi Juni mwaka huo. Iliondoka bandarini kabla vita havijatangazwa, na alfajiri ya tarehe 20 Septemba iliivamia manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa imetia nanga Unguja kwa ajili ya matengenezo, ikaizamisha. Baada ya hapo ikajificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, mahali ambapo majahazi yalizoea kuja kuchukua boriti.

Yafaa nieleze hapa jambo dogo ambalo waandishi wengi hulipita upesi. Katika shambulio la Unguja, chombo kilichowekwa zamu kwenye mlango wa bandari kilikuwa tagi iitwayo Helmuth. Tagi hiyo ilikuwa ya Wajerumani. Waingereza walikuwa wameitwaa vita vilipoanza na kuipa kazi ya ulinzi. Königsberg ilipotoka iliipiga mizinga. Yaani miongoni mwa vyombo vya kwanza kupigwa na manowari ya Kaiser katika maji yetu kilikuwamo kimoja ambacho majuma machache nyuma kilikuwa chini ya bendera ile ile. Helmuth haikuishia hapo. Tarehe 28 Novemba 1914 ilikuwa miongoni mwa vyombo vidogo vilivyoingia bandari ya Dar es Salaam kuharibu meli za Kijerumani, katika tukio lililompatia Kamanda Henry Peel Ritchie wa manowari Goliath nishani ya Victoria Cross.

Manowari Chatham iliigundua Königsberg mwishoni mwa Oktoba 1914, na mzingiro wa Rufiji ukaanza. Tatizo la Waingereza lilikuwa la kina cha maji. Manowari zao kubwa hazikuweza kupanda mto, na mizinga yao haikuweza kumfikia adui aliyekuwa maili kadhaa ndani ya mikoko. Mwezi Novemba waliizamisha meli ya makaa ya mawe, Newbridge, katika mojawapo ya milango ya mto ili kuuziba, lakini delta ya Rufiji ina milango mingi, na jambo hilo kila mkata boriti angaliweza kuwaambia. Walichohitaji ni vyombo vidogo, vyenye kina kifupi, vya kupeleleza, kusafisha mabomu ya majini na kubeba ujumbe. Hapo ndipo thamani ya tagi ilipopanda.

Adjutant ilikuwa tagi ya kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie. Kazi yake ya amani ilikuwa ile ile ya tagi yoyote: kukokota matishari na kuzisaidia meli kubwa. Hata jina lake lina maana hiyo, kwani adjutant ni ofisa msaidizi wa kamanda, na asili yake ni neno la Kilatini la kusaidia. Tarehe 10 Oktoba 1914 ilikamatwa na manowari Dartmouth. Waingereza waliipa mabaharia wao na silaha ndogo, wakaliacha jina lake kama lilivyokuwa, wakaiunga na kikosi cha mzingiro. Kwa muda wa miezi minne msaidizi huyu aliwasaidia maadui wa waliomwajiri.

Tarehe 6 Februari 1915 Adjutant ilitumwa kupeleleza ndani ya mlango wa Rufiji. Walinzi wa Kijerumani na askari wao walikuwa wamejificha kwenye mikoko ya pande zote mbili, na walikuwa na mizinga midogo waliyoitoa katika Königsberg. Risasi ya mzinga ilivunja bomba kuu la mvuke. Tagi isiyo na mvuke ni gogo. Mkondo huipeleka utakako. Mabaharia hawakuwa na hiari ila kusalimu amri, na chombo kikarudi kwa wenyewe wa kwanza, safari hii kikiwa na bunduki na mzinga wa Kiingereza juu yake. Mwezi mmoja haujatimia, tarehe 1 Machi 1915, Uingereza ilitangaza rasmi mzingiro wa pwani nzima ya Afrika ya Mashariki ya Wajerumani.

Habari za Königsberg yenyewe zinajulikana, nami sitazirefusha. Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia Januari 1915, wakakifanya kituo cha ndege na cha manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo nazo, kwa taarifa ya msomaji, ziliundwa kwa ajili ya Brazil zikanunuliwa na Uingereza vita vilipoanza. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 bila kufaulu, na tena tarehe 11 Julai, ambapo Looff alilazimika kuilipua meli yake. Wajerumani waliitoa mizinga yake kumi mikubwa, wakaitengenezea magurudumu, ikaburutwa katika vita vya nchi kavu kwa miaka iliyofuata. Mmojawapo umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na umetazamwa na wanafunzi wengi wa Kenya ambao hawakuambiwa ni mikono ya nani iliyouburuta.

Baada ya Königsberg kufa, Adjutant haikuwa na kazi tena Rufiji. Ilifikishwa Dar es Salaam licha ya manowari zilizokuwa zikizunguka pwani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika mabehewa ya Reli ya Kati na kupelekwa Kigoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka baharini. Reli yenyewe ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914 tu. Kusudi lilikuwa kuiongezea nguvu meli kubwa Graf von Götzen, iliyoletwa ziwani kwa njia hiyo hiyo katika maelfu ya masanduku na kushushwa majini Februari 1915. Lakini bahati ilikuwa imekwisha. Majeshi ya Wabelgiji yalipokuwa yakikaribia Kigoma mwezi Julai 1916, Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen, na Adjutant ikazamishwa pamoja nayo. Götzen ilikuja kuinuliwa na Waingereza na kurudishwa kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikawa chombo kingine katika kisa hiki kilichobadili bendera. Adjutant haikuwa na mtu wa kuikumbuka.

Rubens na Kingani

Nimesema vyombo vya namna hii havikuwa vichache. Wakati Königsberg ilipokuwa bado hai, serikali ya Ujerumani iliamua kuipelekea makaa ya mawe. Meli iliyochaguliwa ilikuwa Rubens, meli ya Kiingereza iliyozuiliwa Hamburg vita vilipoanza. Ilipakwa rangi mpya, ikapewa jina la Kidenmark, Kronborg, na nahodha Carl Christiansen aliyejua Kidenmark vizuri. Ikaondoka Ujerumani Februari 1915, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikiwa na tani zipatazo 1,600 za makaa, pamoja na bunduki, risasi na dawa. Tazama basi mkorogano huu: meli ya Kiingereza iliyotekwa na Wajerumani, ikijifanya ya Kidenmark, ikijaribu kuuvunja mzingiro wa Waingereza ili kuisaidia manowari ya Kijerumani.

Waingereza walikuwa wamepata habari za safari hiyo. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari Hyacinth, iliyokuwa na Admeri King-Hall, iliifukuza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga. Christiansen alikuwa amefungua milango ya maji ili meli yake ikae chini katika kina kifupi kabla moto haujaifikia shehena. Waingereza waliona moshi na miali juu ya sitaha, wakaridhika, wakaondoka. Makaa hayakufika Rufiji. Lakini katika majuma yaliyofuata wapiga mbizi na makuli waliyatoa masanduku ya bunduki na risasi chini ya maji. Risasi zilizolowa zilifunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa, zikafungwa tena. Vikosi vya Lettow-Vorbeck vilipigana kwa risasi hizo kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata, Machi 1916, meli nyingine, Marie, ilifika ghuba ya Sudi karibu na Lindi ikiwa na shehena ya mizinga na risasi, nayo ikafaulu kuipakua na kutoroka. Shehena yake ilihamishwa kwa vichwa vya watu. Katika vitabu vingi sentensi ya namna hiyo huandikwa kwa kauli ya kutendwa: mizigo ilichukuliwa. Kauli ya kutendwa ina manufaa yake, lakini hapa humficha mtenda kabisa, na mtenda walikuwa maelfu.

Kingani nayo ilikuwa boti ndogo ya stima iliyopelekwa Ziwa Tanganyika kwa reli na kutiwa mzinga. Jina lake lilitokana na mto ulio karibu na Bagamoyo, ambao pia huitwa Ruvu. Waingereza walikuwa wameleta ziwani boti mbili za mota, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Cape Town kwa meli, kisha kwa reli, kisha zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe, chini ya Kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliishinda Kingani mbele ya Lukuga. Nahodha wake aliuawa. Walionusurika, Wajerumani na Waafrika, wakatekwa. Boti ikatengenezwa, ikapewa mzinga mkubwa zaidi na jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi ilishiriki katika kuizamisha Hedwig von Wissmann, ambayo ilikuwa imetumika pamoja nayo upande wa Wajerumani.

Majina hayo yanastahili neno moja. Mimi na Toutou ni sauti za paka na mbwa kwa masikio ya Mfaransa, na Fifi inasemekana ni mlio wa ndege mdogo. Kwa hiyo jina la mto wa Waswahili lilifutwa ili chombo kikamilishe mzaha wa ofisa mmoja. Wenyeji hawakukosa kulipiza. Vitabu vya Waingereza wenyewe vinasimulia kwamba Spicer-Simson, aliyependa kuvaa kitambaa kiunoni badala ya suruali, aliitwa Bwana Chifunga-tumbo. Mwanaisimu ataona mara moja kwamba kiambishi chi- mahali pa ki- kinatuonyesha lugha ya msemaji kuliko maelezo yote yanayolizunguka jina hilo. Hiyo ni mojawapo ya sauti chache za watu wa ziwa zilizoponea katika kisa chote.

Askari na meli

Sasa nalirudia swali la mwanafunzi wa Isiolo. Kama meli zilibadili bendera, askari nao walibadili. Katika miaka ya mwisho ya vita jeshi la King's African Rifles lilikuwa na upungufu mkubwa wa watu, na mwaka 1917 iliundwa rejimenti ya sita, ambayo sehemu kubwa ya askari wake walikuwa wale waliolitumikia jeshi la Wajerumani wakatekwa au wakajisalimisha. Watu hao walijua kazi. Walijua mbinu za Lettow-Vorbeck kwa kuwa walikuwa wamezitekeleza. Na juu ya yote walijua lugha ya amri, kwa kuwa Kiswahili kilitumika pande zote mbili. Mtu aliyefunzwa na Mjerumani kule Tabora hakuhitaji mkalimani ili kumwelewa mwenzake wa KAR. Jambo hili hutajwa na watetezi wa lugha yetu kama ushahidi wa kuenea kwa Kiswahili, na ni kweli. Lakini si ushahidi wa kufurahisha, kwani lililorahisishwa na lugha hapo lilikuwa ni kumhamisha mtu kutoka bunduki moja hadi nyingine. Rejimenti hiyo ya sita ilikaa Tanganyika baada ya vita, na katika ukoo wake ndimo lilimotoka jeshi la Tanganyika Rifles mwaka 1961.

Je, vita hivyo viitwe vya wenyewe kwa wenyewe? Wanahistoria wa mrengo wa utaifa walipendelea kuviita vita vya mabeberu, au vita vya Wazungu, na kwa upande wa chanzo chake jina hilo ni sahihi. Lakini likitumiwa pekee, linatuondolea mzigo ambao si haki kuuondoa. Wanyamwezi walikuwapo pande zote mbili. Wasudani walikuwapo pande zote mbili. Na vijiji vya Rufiji na vya Umakonde viliporwa chakula na kila jeshi lililopita, na waporaji waliamrisha kwa Kiswahili. Mtu aliyeishi Isiolo hawezi kulichezea neno hili. Katika vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 eneo lile liliona jinsi watu wa mahali pamoja wanavyoweza kugawanywa kwa bendera, na wazee hadi leo hulizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini. Mimi nashauri tuseme kwamba vita vya 1914 vilikuwa vya Wazungu kwa sababu zake na vya wenyewe kwa wenyewe kwa mapigano yake. Najua wenzangu wa idara ya historia watanikosoa.

Kuhusu istilahi, ninalo pendekezo dogo. Vitabu vyetu vya shule hutumia meli iliyotekwa, meli ya mateka na meli iliyokamatwa bila kutofautisha. Ingekuwa afadhali tuseme ngawira kwa chombo au mali, na tuliache neno mateka kwa mtu peke yake. Siyasemi haya kwa kupenda usanifishaji tu. Ngawira ina sheria: chombo kikitwaliwa baharini, huandikwa, hupimwa, hufikishwa mbele ya hakimu, thamani yake hutajwa kwa fedha, na anayestahili fungu lake hujulikana. Ndiyo maana leo twaweza kueleza siku ambayo Adjutant ilitekwa, siku iliyotekwa tena, na mahali ilipozamishwa. Hilo ndilo jibu ambalo ningalimpa mwanafunzi wangu kama kengele isingalilia. Meli iliyotekwa ina daftari. Serahangi au mtia makaa Mwafrika aliyekuwa ndani ya chombo hicho hicho hana daftari. Katika taarifa za manowari yeye ni nambari iliyoongezwa baada ya majina ya Wazungu, au hayumo kabisa.

Wasomali wa Isaaq na Harti waliopewa makazi Isiolo kwa kuwa walikuwa askari wa serikali walilijua jambo hili kwa namna yao. Ahadi waliyodhani wamepewa haikuwa na hati ya kutosha, na katika miaka ya 1930 baadhi yao walitumia nguvu nyingi kuandika maombi London na Nairobi ili ijulikane wao ni watu wa tabaka gani na wanalipa kodi ipi. Walikuwa wameishi kando ya mto Ewaso Nyiro, ambao aghalabu maji yake huishia katika kinamasi cha Lorian bila kuiona bahari, na bado mambo yao yaliamuliwa na mzozo wa bendera uliofanyika pwani na ng'ambo.

Ama mapagazi, wale waliobeba mabomba ya Königsberg, masanduku ya Rubens na shehena ya Marie, pamoja na wenzao wa upande wa pili waliokusanywa katika kile kikosi ambacho jina lake tumelihifadhi katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, hesabu yao ni ngumu zaidi. Hesabu rasmi ya Waingereza ya mapagazi wao waliokufa ilizidi 40,000, na wanahistoria wengi huona kwamba idadi ya kweli inakaribia 100,000. Wa upande wa Wajerumani hawakuandikwa kwa namna inayoweza kujumlishwa. Vita vilipokwisha, kulikuwa na mishahara ya marehemu ambayo haikudaiwa kwa sababu majina yaliandikwa vibaya, au kijiji hakikutajwa, au mrithi hakupata habari. Maofisa walibishana kwa miaka kuhusu fedha hizo. Zilibaki serikalini.